SOMO: Kurudisha komandi za zamani kwenye terminali bila kujiumiza

Wakuu, naandika hili mara moja, maana kila wiki kuna mtu ananiuliza komandi ndefu aliyoandika jana anaipataje. Naongelea bash ya Ubuntu, yaani programu inayopokea komandi zako kwenye terminali.

1. Ctrl+A mwanzo wa mstari, Ctrl+E mwisho.
2. Ctrl+W inafuta neno la nyuma. Ukijuta, Ctrl+Y inarudisha.
3. cd - inakurudisha folda uliyotoka.
4. Umesahau kuanza na sudo (ruhusa ya msimamizi)? Andika sudo !! upige Enter, hiyo !! ni komandi iliyopita.
5. Ctrl+R. Hapa tulieni. Unabonyeza, unaandika kipande unachokumbuka, inakuletea komandi ya karibuni yenye hicho kipande, ukibonyeza tena inarudi nyuma zaidi. Mimi nilikuwa natafuta tar yangu (komandi ya kufunga mafaili pamoja) ya bakapu, nikaandika "bakapu" nikapiga Enter bila kusoma, kumbe ya karibuni ilikuwa rm -rf bakapu/ niliyotumia kusafisha siku mbili kabla, basi mafaili ya mteja yakaondoka yote na rm haina kapu la taka la kwenda kuyaokota. USIPIGE ENTER. Bonyeza mshale wa kulia kwanza, komandi inakaa kwenye mstari bila kurun, isome mpaka mwisho, ndo Enter. Huitaki? Ctrl+G. Na !! ina hatari hiyohiyo, weka shopt -s histverify kwenye .bashrc (faili la mipangilio ya bash), itakuonyesha kwanza kabla ya kurun.

MASWALI

– Mkuu namba 4 haifanyi kazi
– Imekuandikia nini? Bila hilo siwezi kukusaidia.
– Niliandika sudo!! baada ya apt update, ikaandika sudoapt: command not found
– Acha nafasi baada ya sudo. Nimeandika hapo juu.

– Nimebonyeza Ctrl+S nikidhani nasevu, terminali imeganda
– Ctrl+Q.

– Samahani kaka, hiyo Ctrl+R inazitoa wapi? Nina madirisha mawili, la pili halioni za la kwanza.
– Swali zuri sana. Kila dirisha linashika zake kichwani, linaziandika kwenye ~/.bash_history ukilifunga. Dirisha la kwanza andika history -a, la pili history -n, zitaonekana. Halafu fungua .bashrc, HISTSIZE (idadi ya komandi za kichwani) huja 1000 na HISTFILESIZE (za kwenye faili) 2000, mi nimeziongezea sifuri moja moja.

– Nyongeza: komandi yenye paswedi, anza na nafasi, haitunzwi.
– Kweli kabisa, Ubuntu huja na HISTCONTROL=ignoreboth, mpangilio unaoruka komandi kama hizo. Kwenye seva ya mtu mwingine hakikisha kwanza kwa echo $HISTCONTROL.