Leaf au Dolphin? Anza na tundu la chaji, kilomita zitafuata

Kazi yangu ni kukagua magari ya umeme kabla mtu hajalipa, na swali linalorudi kila mara ni nichukue Nissan Leaf au BYD Dolphin. Anayeuliza tayari ameshika namba moja kichwani, kilomita ngapi kwa chaji moja. Mimi naanzia kwenye tundu la kuchajia, af naenda kwenye joto la betri, kilomita zinajileta zenyewe. Hapa naongelea Leaf ya kizazi cha pili iliyoanza 2017 na betri ya 40 kWh (e+ ya 62 kWh ikafuata 2019), na Dolphin iliyoanza 2021, yenye 44.9 au 60.4 kWh.

Hatua ya 1: piga hesabu ya siku yako ndefu

Andika ile siku unayotembea mbali kuliko zote ndani ya wiki ya kawaida, sio safari ya mara moja kwa mwaka. kWh moja ni yuniti moja ya umeme. Gari za saizi hii mjini zinakula kama yuniti 14 au 15 kwa kilomita 100, ukiingia barabara kuu ukakaa kwenye 110 weka 18 au zaidi. Sasa chukua Leaf ya 40 iliyotumika, ikiwa mpya unapata yuniti kama 38 za kutumia kweli, afya ya betri imebaki 85% kwahiyo zinabaki 32, toa akiba maana hutaki kufika na sifuri, una 27 hivi za kutembelea, kwa mwendo wa barabara kuu hapo ni kilomita 150. Dolphin ya 44.9 iliyo mpya, akiba ile ile, inakupa kama 210. Panga maisha yako kwa hizo. Kipimo cha WLTP cha Ulaya kinasema 270 kwa Leaf na 340 kwa Dolphin ya 44.9, na ukiona tangazo limetumia CLTC ya China namba itakuwa kubwa zaidi ya hapo.

Kama siku yako ndefu ni kilomita 60, zote mbili zinakutosha, nenda hatua ya pili bila presha.

Hatua ya 2: omba picha ya tundu likiwa wazi

Hapa ndo watu wanapoumia. Leaf inachaji haraka kwa CHAdeMO, aina ya plagi iliyotoka Japani. Dolphin ya soko la Ulaya ina CCS2, ya soko la China ina GB/T, yaani unaweza kukuta gari mbili za jina moja na rangi moja zimepaki pamoja halafu haziwezi kutumia waya mmoja. Mwambie muuzaji afungue kifuniko apige picha kwa karibu. Usitegemee kuhesabu pini, maana tundu la AC (chaji ya kawaida, ya polepole) la GB/T lina 7 na la Type 2 (la AC la Ulaya) lina 7, umbo lile lile, ila dume na jike vimegeuzwa, ukisukuma haviingiliani.

Adapta zipo. Ya AC ni kitu rahisi, inapitisha umeme na ishara chache tu. Ya DC, yaani ya chaji ya haraka, ni habari nyingine kwasababu CHAdeMO na GB/T zinaongea na chaja kwa lugha tofauti na ya CCS, adapta inabidi iwe na kompyuta ndani ya kutafsiri, na ikigoma uko katikati ya safari huna la kufanya. Mimi simshauri mtu anunue gari ambayo kila chaji ya haraka itategemea adapta. Angalia stesheni zilizopo kwenye njia unazopita wewe, hesabu zenye plagi yako, amua.

Anayechaji nyumbani usiku ana nafuu kubwa. Soketi ya kawaida kwa ampea 10 na volti 230 inatoa 2.3 kW, saa 10 za usiku zinaweka kama yuniti 20 kwenye betri, kilomita zaidi ya 100 za mjini. Ila baada ya saa moja ya kuchaji shika plagi kwa mkono, ikiwa ya moto zima kabisa, muite fundi umeme abadilishe soketi na aangalie waya wa ukutani.

Hatua ya 3: jua betri inapoaje

Betri ya Leaf haina mfumo wa kupoza, inategemea hewa inayopita tu. Chaji ya haraka ya kwanza inaenda vizuri, karibu 45 kW, endesha kwa kasi halafu chomeka tena, betri imeshapata joto na gari inapunguza chaji ili ijilinde. Wenye Leaf ya 40 walilalamika sana 2018 wakaipa jina la Rapidgate, Nissan wakatoa programu iliyopunguza tatizo, lakini betri bado haina kipozeo na programu haiwezi kukiweka. Dolphin inatumia betri ya Blade ya aina ya LFP (lithiamu, chuma na fosfeti), inapozwa kwa gesi ile ile ya kiyoyozi cha gari, inavumilia chaji ya haraka za kufuatana vizuri zaidi. Udhaifu wa LFP ni baridi kali, ikiwa baridi sana inapokea chaji polepole.

Matunzo nayo yanatofautiana. Leaf ya matumizi ya kila siku ishie 80% na usiipaki juani ikiwa imejaa. LFP yenyewe inataka ijazwe hadi 100% mara moja kwa wiki hivi, maana volti yake haibadiliki sana kati ya 20 na 80, kompyuta inapoteza hesabu ya asilimia mpaka ifike juu kabisa.

Hatua ya 4: pima betri mwenyewe

Kwa gari iliyotumika hapa usikimbie. Leaf ina vijistari 12 vidogo pembeni ya geji ya betri, cha kwanza kinadondoka afya ikishapungua kama 15%. Usiviamini peke yake, kuna watu wanareseti kompyuta ya betri vistari vyote vinarudi, vinaanza kudondoka tena ukishalipa. Nunua kifaa cha OBD2 cha Bluetooth (kinachomekwa kwenye tundu la uchunguzi la gari), weka programu ya LeafSpy kwenye simu, angalia SOH, yaani afya ya betri kwa asilimia. Halafu fungua ukurasa wa seli, utaona mistari 96 imesimama. Ifungue betri ikiwa kwenye 20 au 30%, sio ikiwa imejaa, maana ikijaa hata seli mgonjwa inasimama sawa na wenzake. Kanyaga mafuta (tunasema hivyo hivyo hata kwenye umeme) mwenzako akiangalia simu: mistari yote ikishuka pamoja safi, mmoja ukizama peke yake hio seli imechoka, na hio moja ndo itakuzimia gari wakati wenzake 95 bado wana chaji.

Dolphin haina njia rahisi hivyo, kwahiyo napima kwa chaja. Ishushe hadi 10%, chaji AC mpaka 100% kwa chaja inayoonyesha yuniti. Betri ya 44.9 hapo inahitaji kama 40, ongeza zinazopotea njiani, chaja ya ukutani isome kama 44 au 45. Ikisoma 37 na imeshajaa, muulize muuzaji maswali.

Hatua ya 5: kaa ndani, kisha endesha

Umbali kati ya tairi za mbele na za nyuma ni mita 2.70 kwa zote mbili, lakini Dolphin ya Ulaya ni fupi kwa kama sentimita 20, buti ndo limelipa: lita 345 dhidi ya 435 za Leaf. Wenye watoto wakae siti ya nyuma ya Dolphin waone miguu inavyopata nafasi. Barabarani, Leaf ina e-Pedal, unaachia mguu inasimama yenyewe kabisa, Dolphin inapunguza mwendo tu, breki unakanyaga mwenyewe. Usalama usikuchoshe, zote zilipata nyota 5 za Euro NCAP (wapimaji wa usalama wa magari Ulaya), Leaf 2018 na Dolphin 2023.

Hatua ya 6: amua

Unachaji nyumbani, safari zako fupi, unataka iliyotumika na buti kubwa: chukua Leaf yenye SOH nzuri na seli zilizolingana, ni gari nzuri sana kwa kazi hio. Unasafiri mbali mara kwa mara au unategemea chaji ya haraka: Dolphin, ya 60.4 ukiweza, ilimradi tundu lake ndo la stesheni zako. Kwangu tundu linashinda vyote, hata betri.

Siku ya kuchukua gari pima betri ya volti 12, ikifa gari haiwaki hata kama ile kubwa imejaa. Angalia diski za breki kama hazijaliwa na kutu, maana gari za umeme hazitumii breki sana. Mwisho omba waya wote wa kuchajia, uchomeke, usubiri chaji ianze, chomoa, ndo ulipe.