Kupanga ukarabati wa mitaa ya Bukavu: tuanze na maji

Mji wa Bukavu umejengwa juu ya miteremko inayoshuka hadi Ziwa Kivu, na kwa sababu hiyo mpango wowote wa kukarabati barabara, mabomba au ngazi za mitaa yake hauna budi kuanza na swali moja: maji ya mvua yanapita wapi? Komuni, yaani wilaya ya mji, inayotandaza lami kabla ya kulijibu swali hilo huiona lami ikichimbuliwa na mkondo baada ya masika machache tu.

Ukaguzi ufanyike mvua ikinyesha. Wakati wa kiangazi mfereji mzima na ulioziba chini kwa chini huweza kufanana, lakini mvua kubwa haifichi kitu. Watu wawili wawili wafuate kila mfereji kutoka mlimani hadi ziwani, wakiwa na futi ya kupimia, daftari na simu ya kupigia picha, waandike upana na kina chake, mahali unapofurika na kinachouziba, yaani mchanga, chupa za plastiki au nyumba ambayo mtu ameijenga juu yake. Shefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa mdogo, aombwe kuwaonyesha wazee wa mtaa wanaokumbuka maji yalifika wapi ukutani.

Katika matembezi hayo kuna jambo la kuandikwa kwa wino mwekundu: bomba jembamba la maji ya kunywa linalopita ndani ya mfereji wa maji machafu. Maji ya Regideso, shirika la maji la serikali, yakikatika, presha hushuka, na uchafu huingia kupitia ufa au kiungo kilicholegea. Yakirudi, huusukuma hadi kwenye ndoo za watu. Kando ya ziwa ambako kipindupindu si mgeni, kulihamisha bomba hilo kunatangulia taa za barabarani, hata kama taa ndizo zinazopigiwa makofi siku ya uzinduzi.

Ujenzi wa mifereji hupangwa kutoka chini kwenda juu. Ukipanua mfereji huko juu katika komuni ya Kadutu huku kalavati za chini, kuelekea mto Kawa, zikibaki nyembamba, utakuwa umeyaharakisha maji kuwafikia walio chini, na nyumba zao ndizo zitakazolipa gharama. Kwa hiyo njia ya kutokea ndiyo ya kwanza, kisha kalavati, na mifereji ya pembeni mwishoni. Penye mteremko mkali, sakafu ya mfereji ijengwe kwa ngazi za mawe zinazovunja kasi ya maji, na kabla ya kila kalavati pawe na shimo la kunasa mchanga, pana vya kutosha mtu kuingia na koleo.

Mahali ambapo ardhi yenyewe inasogea, kama kwenye maporomoko ya ardhi ya mtaa wa Funu, hesabu hubadilika. Ukuta mgumu wa saruji hapo hupasuka, na bomba gumu hukatika kwenye viungo. Nyavu za waya zilizojazwa mawe na mabomba yanayoweza kupinda huvumilia zaidi, lakini hazizuii mlima kutembea; wenye mpango wawaambie wakazi hivyo waziwazi, na wasiahidi barabara ya kudumu.

Kalenda ni fupi. Kiangazi ni Juni hadi Agosti, na mvua hurudi Septemba, hivyo michoro, bei na ununuzi wa mawe na saruji vikamilike kabla ya Mei kwisha. Katika muda huohuo Regideso na SNEL, shirika la umeme, waulizwe kwa barua kama wana bomba au waya wa kupitisha chini ya barabara hiyo, kwa maana hakuna upotevu wa fedha unaoudhi kama kupasua lami mpya kupitisha bomba ambalo lingeweza kutangulia.

Bajeti itenge fungu la matunzo tangu mwanzo. Salongo, yaani kazi ya pamoja ya wakazi, inafaa kwa kutoa mchanga na takataka, lakini kuta za kuzuia udongo zinahitaji fundi anayelipwa na anayewajibika kwa kazi yake. Siku ya kukabidhi mradi, kila shimo la mchanga liwe na jina la avenyu inayolisafisha, zana zinapohifadhiwa, mahali mchanga unapopelekwa ili usirudi mferejini, na jina la afisa wa komuni atakayelikagua kila baada ya mvua kubwa.