Kukopi hakuchoshi sauti, kubadili fomati ndiko kunakoiharibu

Kwaya nyingi zinazorekodi hapa Moshi hurudi studio na lalamiko lilelile: "Fundi, nyimbo zimekopiwa mno, sauti imechoka." Faili ni namba tupu. Ikikopiwa vizuri, hata kopi ya mia moja ina namba zilezile za faili ya kwanza. Kinachoharibu ni kubadilishwa fomati huko njiani bila mtu kushtuka.

Hatua ya 1: Dai WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa. Usiondoke studio na MP3 peke yake. WAV ya kiwango cha CD (sampuli 44,100 kwa sekunde, biti 16) hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde, kwa hiyo wimbo wa dakika tano unakula kama MB 50. MP3 ya kilobiti 128 huushusha hadi MB 5 hivi, na sehemu kubwa ya kilichopungua ni sauti ambayo programu imekadiria kuwa sikio halitaikosa. Ikishatupwa, hairudi.

Hatua ya 2: Hifadhi masta, yaani ile WAV ya kwanza kutoka studio, sehemu mbili. Nafasi ikibana tumia fomati ya FLAC. Inapunguza ukubwa karibu nusu, na haipotezi kitu.

Hatua ya 3: MP3 itoke kwenye WAV moja kwa moja, mara moja tu. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu anachukua MP3 ya 128 kwenye simu, anaigeuza WAV ili akate mwanzo, kisha anatoa MP3 ya 320 akiamini ameipandisha daraja. Faili imenenepa, lakini sauti imechujwa mara mbili. Sikiliza kayamba: mchakacho wake mkavu unageuka mvumo wa majimaji, na herufi "s" za soprano zinapasuka. Inaniuma, maana kina mama wale wamefanya mazoezi miezi mizima.

Hatua ya 4: Jithibitishie mwenyewe. Fungua Audacity, programu ya kuhariri sauti, ingiza WAV ya masta na kopi yake kutoka kwenye flashi, kila moja kwenye mstari wake. Chagua mstari wa masta, bonyeza Effect, tafuta Invert, halafu cheza yote pamoja. Utapata ukimya mtupu, kwa kuwa mawimbi yamefutana. Sasa weka MP3 mahali pa kopi. Mara nyingi MP3 huongezewa ukimya mfupi mwanzoni, hivyo kuza picha ya mawimbi na uisogeze MP3 hadi vilele vilingane. Ukicheza, utasikia mabaki: michakacho ya kayamba na pumzi za waimbaji. Huo ndio utofauti kati ya MP3 na masta. Rudia kwa 128 na kwa 320 usikie ya 128 inavyoacha mabaki mengi zaidi.

Hatua ya 5: Kutuma. Kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti, ifike ilivyo. Kijana wa kibandani akitaka kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, mpe MP3 ya 320 uliyoitoa mwenyewe. Masta ibaki kwa katibu wa kwaya.