Somo: Kumlea Charmander kwenye Pokémon FireRed na LeafGreen

Wakuu, somo hili ni la wanaoanza FireRed au LeafGreen, zile za Game Boy Advance za 2004, na wakamchagua Charmander, Pokémon wa moto, mmoja wa watatu unaochagua mwanzoni. Watu husema ni mgumu kumlea kuliko Bulbasaur na Squirtle. Ni kweli, ila ugumu wote uko kwenye jimu mbili za kwanza (ukumbi wa kupambana na bosi wa mji), ya Brock wa mwamba na ya Misty wa maji. Ukishavuka hapo, yeye ndiye atakayekubeba.

Kabla ya hatua, shika jambo moja. Kwenye gemu hizi, aina ya pigo ndiyo inayoamua kama litatumia Attack (nguvu ya mwili) au Sp. Atk (nguvu maalum). Moto, maji, majani, umeme, barafu, akili, giza na dragoni hutumia Sp. Atk. Mengine yote, yakiwemo ya mwamba, chuma na ardhi, hutumia Attack. Ember basi inategemea Sp. Atk, lakini Scratch na Metal Claw zinategemea Attack. Waliozoea gemu mpya huteleza hapa.

Hatua ya 1: Tabia
Hifadhi gemu ukiwa umesimama mbele ya meza ya Profesa Oak, kabla hujagusa mpira. Mchukue Charmander, kisha fungua ukurasa wake usome tabia (Nature), ambayo huweza kupandisha takwimu moja na kushusha nyingine. Hukuipenda? Bonyeza A, B, Start na Select kwa pamoja, gemu ianze upya. Timid na Modest ndizo zinazosifiwa, lakini zote mbili zinapunguza Attack kwa asilimia 10, na Attack ndiyo utakayoihitaji kwa Brock. Kwa safari ya kawaida napendelea Hasty, Mild au Rash: zinapandisha Speed au Sp. Atk na kukata kwenye ulinzi, Attack haiguswi.

Pambano la mle maabara na mpinzani wako, aliyechukua Squirtle, ni la kupiga Scratch tu. Ukipigwa, hadithi inaendelea.

Hatua ya 2: Kupandisha leveli kabla ya Brock
Ember inakuja leveli ya 7. Ukishaipata, ingia Viridian Forest. Caterpie, Weedle, Metapod na Kakuna wote wanaungua vizuri. Leveli ya 13 anajifunza Metal Claw, pigo la chuma linaloumiza mwamba. Usiikatae.

Usiingie jimu ukiwa na 13 au 14, subiri 16 awe Charmeleon. Sababu ni hii: Onix wa Brock ana leveli 14 na pigo la Rock Tomb, ambalo kwa moto ni maradufu na pia linapunguza Speed. Kwa hesabu ya wastani, Charmander wa leveli 14 ana HP kama 37, na Rock Tomb moja inachukua 23 hadi 27. Mbili zinammaliza. Potion inarudisha 20 tu, kwa hiyo ukitegemea Potion unazidi kurudi nyuma kila zamu. Charmeleon wa 16 anastahimili mbili, na Metal Claw zake tatu au nne zinamlaza Onix.

Ukilazimika kuingia mapema, anza na Growl, pigo linalopunguza Attack ya adui. Moja tu inatosha kufanya Onix ahitaji Rock Tomb tatu badala ya mbili.

Hatua ya 3: Misty
Hapa Charmeleon akae benchi. Starmie wa Misty wa leveli 21, mwenye pigo la maji Water Pulse, si saizi yake. Panda kaskazini mwa Cerulean, Route 24 na 25, ukamate Pokémon wa majani, Oddish kama una FireRed, au Bellsprout kama una LeafGreen, umpandishe leveli kwa wakufunzi wa njia hizo.

Wenye FireRed, wakati huohuo mtumie Charmeleon kuchoma Oddish wa porini: kila mmoja anampa nukta 1 ya mafunzo (EV, zinazoongeza takwimu polepole) kwenye Sp. Atk. Bellsprout anatoa ya Attack, kwa hiyo LeafGreen hampati faida hiyo.

Hatua ya 4: Kuelekea Charizard
Yule wa Team Rocket pale Cerulean anaacha TM28 (TM ni kifaa cha kufundishia pigo), Dig, pigo la ardhi. Mfundishe Charmeleon, na jimu ya Lt. Surge, bosi wa umeme, itakuwa nyepesi. Bado ni moto mtupu, umeme haumuumizi zaidi ya kawaida. Flamethrower inakuja 34, Charizard 36.

Mapigo ya mwisho ninayoshauri: Flamethrower, Fly au Wing Attack, Earthquake (TM26, kutoka kwa Giovanni) na Dragon Claw (TM02, iko Victory Road). Akishakuwa Charizard, mwamba unamuumiza mara nne. Ukiona Pokémon wa mwamba, mbadilishe bila kufikiri.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, wangu ni Adamant. Nianze upya?
Jibu: Adamant inapandisha Attack na kukata Sp. Atk, yaani moto wote unapoa kwa asilimia 10. Kwa Brock utafurahi, baadaye kidogo utaumia. Gemu inamalizika hata hivyo. Kama umeshapita Brock, endelea.

Swali: Nimesikia ukibonyeza B asibadilike, anapata Flamethrower mapema.
Jibu: Ni kweli, Charmander anaipata 31, Charmeleon 34. Unaokoa leveli tatu kwa kutembea leveli kumi na tano na mwili wa mtoto. Misty na Surge wote wako humo katikati. Sioni faida.

Swali: Charizard wangu hana Wing Attack, nimekosea wapi?
Jibu: Inatolewa leveli ya 36 pekee. Ukimchelewesha kubadilika au ukaikataa, imepita. Nenda Two Island, kuna jamaa anakumbusha mapigo kwa TinyMushroom mbili au Big Mushroom moja.

Swali: Kwenye Red ya zamani Charizard alikataa kabisa Fly. Huku je?
Jibu: Red na Blue hakuweza, Yellow ndiyo iliyorekebisha. Huku anajifunza. HM02, kifaa cha kufundishia Fly, iko kwenye nyumba ya Route 16, magharibi mwa Celadon, ila uwe na Cut ya kukata mti.

Swali: Yule bibi wa Cape Brink amekataa kumfundisha Charizard wangu Blast Burn, lile pigo kali la moto.
Jibu: Anataka Charizard awe na urafiki uliojaa kabisa. Kila akizimia vitani urafiki unapungua, kwa hiyo acha kumrusha mbele ya maji na mwamba. Tembea naye kwenye timu, mpandishe leveli, mpe vitamini kama Calcium na Carbos, kisha rudi ujaribu tena.