Namna ya kubishana kuhusu mapenzi ya masuperhero bila kuumbuka

Wakuu, nimeshaona watu wanatoka povu usiku kucha, huku timu Mary Jane kule timu Gwen, wale wapenzi wawili wa Peter Parker, yaani Spider-Man, halafu ukifuatilia vizuri unagundua hata hawamwongelei mtu mmoja. Huyu anamsema Gwen wa kwenye muvi, yule Gwen wa komiki za miaka ya 70, mwingine kaingia kati anamtetea Gwen wa ulimwengu mwingine kabisa ambaye ndo buibui mwenyewe. Hapo mtaelewana saa ngapi?

Kwa hiyo kabla hujaandika chochote uliza, ni yupi na wa mwaka gani. Superman na Lois walioana 1996, ikafika 2011 DC, kampuni inayotoa komiki zake, wakaanza hadithi zao upya na ile ndoa ikawa haijawahi kutokea, 2012 jamaa akaanza mambo yake na Wonder Woman. Mtu akija na "Superman alimsaliti mke wake" mwambie taratibu tu, mke yupi? Kwenye historia ile Lois alikuwa mfanyakazi mwenzake basi. Mara nyingi ubishi unaishia hapohapo, na akiendelea kukaza fuvu muache.

Halafu tofautisha dhambi ya mhusika na dhambi ya ofisini. Peter Parker na Mary Jane walifunga ndoa 1987, wakakaa miaka ishirini, 2007 wakaikabidhi ndoa yenyewe kwa Mephisto, yule shetani, ili shangazi May asife kwa risasi. Watu wanasema Peter kamuuza mke. Kwanza MJ naye alikubali, sio Peter peke yake, pili mhariri mkuu wa Marvel, kampuni ya komiki za Spider-Man, kipindi kile, Joe Quesada, alikuwa anasema wazi kwamba hiyo ndoa inamzeesha Peter. Ukimlaumu Peter kwa hilo ni kama unamlaumu karagosi wakati mwenye mkono unamwona.

Ila usiitumie hiyo kinga kwa kila mtu, maana watatokea watetezi wa Cyclops, yaani Scott wa kundi la X-Men. Hapa lazima ujipange. Scott alimuoa Madelyne 1983, wakapata mtoto wa kiume, 1986 akasikia Jean, mpenzi wake wa zamani aliyedhaniwa amekufa, yuko hai, akaondoka, akaacha mke na mtoto mchanga. Mashabiki wake watakurukia "lakini Madelyne alikuwa kloni wa Jean!" Ni kweli, alitengenezwa na Sinister, adui mmoja wa X-Men, ila hilo lilikuja kujulikana baadaye. Siku Scott anafunga mlango alijua ana mke na mtoto, full stop. Hii ndo kanuni ninayoipenda kuliko zote, mhukumu mtu kwa alichokijua siku ile, usimhukumu kwa kilichofichuliwa miaka mitatu mbele.

Na Scott akitoka hapo anakutana na Emma Frost. Yale mambo yalikuwa yanatokea kichwani tu, ule uwezo wa kuingia akilini, na Jean, ambaye kipindi hicho ndo alikuwa mke wa Scott, akawafuma humohumo kichwani 2003. Sasa je, huko ni kuchepuka? Nimeona ubishi huu ukienda siku nne. Mimi nasema ndiyo, kwa sababu moja tu, alikuwa anamficha mkewe. Usiende kwenye falsafa za mwili na akili, utapotea, we uliza alificha au hakuficha.

Kwenye uaminifu ambao sio wa mapenzi tu, hesabu viapo kwanza. Storm wa X-Men aliolewa na Black Panther, yaani T'Challa mfalme wa Wakanda, 2006, halafu 2012 Namor, mfalme wa baharini aliyekuwa upande wa X-Men, akaizamisha Wakanda kwa maji na Storm alikuwa amesimama upande huohuo, T'Challa akaivunja ndoa. Malkia wa Wakanda na X-Men ni mtu yuleyule, upande wowote angeusimamia mwingine ungemuita msaliti, kwa hiyo anayesema jibu ni rahisi hajasoma.

Mwisho, njoo na ukurasa. Mimi nilikuwa timu Gwen wa kufa na kuzikana, siku moja nikaandika kwa mbwembwe kwamba alikufa kwa kuanguka darajani, Peter hahusiki. Jamaa hakubishana, akatuma picha ya kiboksi kimoja cha Amazing Spider-Man namba 121, ya 1973. Utando aliorusha Peter kumwokoa umemdaka Gwen miguuni, na pembeni ya shingo kuna neno dogo, SNAP. Baadaye Marvel wenyewe walikiri kwenye kurasa za barua kwamba ule mshtuko wa kusimamishwa ghafla ndo uliomuua. Nilikaa kimya wiki nzima. (Hilo daraja nalo wameandika George Washington, ila limechorwa kama la Brooklyn, ukitaka ubishi mwingine.)

Nikasema ngoja nisome na namba 122 nipate cha kujibu. Ukurasa wa mwisho Peter ana uchungu, anamfukuza Mary Jane kwa maneno makali, MJ analia, anafika mlangoni, unajua kabisa huyu anaondoka. Anaufunga mlango, klik, na yeye yuko ndani. Hasemi neno.

Hapo ndo nilihama timu.