Kuanzia kwenye methali: namna ya kuwafundisha wanafunzi kutambua hoja potofu

Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliorodhesha aina 13 za hoja potofu, yaani hoja zinazoonekana kuthibitisha dai ilhali hazilithibitishi, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, lakini mwalimu anayewakaririsha wanafunzi orodha hiyo siku ya kwanza atavuna majina matupu. Ni heri aanzie kwenye kitu ambacho mwanafunzi wa kidato cha pili hukitumia katika kila mdahalo, yaani methali.

Katika mdahalo mmoja niliousimamia, kuhusu kuruhusu simu shuleni, msemaji wa upande wa kupinga alisimulia kisa cha mwanafunzi aliyenaswa na simu kwenye chumba cha mtihani, akafunga kwa kusema, "Samaki mmoja akioza, wote wameoza," na ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Kesho yake niliugawa ubao sehemu tatu: dai, ushahidi, na kinachouunganisha ushahidi na dai. Mbili za kwanza zilijazwa upesi. Ya tatu ilikaa tupu hadi binti mmoja aliyeketi nyuma aliponyosha mkono na kusema, "Mwalimu, hapo ameweka methali." Hapo ndipo nilipowapa jina la kosa, kwamba ni kujumlisha kwa haraka, yaani kuwahukumu wote kwa kisa kimoja, na nashauri jina lifuate ugunduzi wakati wote, kwa kuwa mwanafunzi hulishika jina la kitu alichokwisha kukiona mwenyewe.

Endelea kwa utaratibu huohuo. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" humhukumu msemaji kwa asili yake na kuiacha hoja yake bila jibu. "Wengi wape" hufaa panapopigwa kura, ila haithibitishi kwamba jambo ni kweli. Ipo pia methali inayotibu, kwani "Jogoo awike asiwike, kutakucha" humkumbusha mwanafunzi kwamba jambo kutangulia jingine hakulifanyi kuwa chanzo chake.

Chunga mambo mawili. Dai linaloweza kuwa la kweli huweza kutetewa vibaya, kwa hiyo mzoeze mwanafunzi kusema "ushahidi huu hautoshi" badala ya "umekosea". Vilevile si kila anayetaja mtaalamu amepotoka: kumnukuu daktari kuhusu malaria ni halali, ilhali kumnukuu daktari huyohuyo kuhusu bei ya korosho hakuna uzito. Mimi huwataka wanafunzi wakague kwanza hotuba zao wenyewe kabla ya kugusa za wapinzani, maana somo hili likianza kwa kuwawinda wengine huzaa kiburi upesi sana.

Kwa zoezi la mwisho, andika ubaoni "Haraka haraka haina baraka" na chini yake "Ngoja ngoja huumiza matumbo", kisha wape swali moja mahususi, kwa mfano kama shule ichimbe kisima mwaka huu au isubiri mwakani. Kila kundi liandike ni taarifa zipi zingeamua suala hilo, bila kutumia methali hata moja.