Somo: Jinsi ya kupima uzito wa vumbi la supanova

Wakuu, nyota ikilipuka huacha vumbi ambalo kwa macho halionekani, ila lina joto kidogo, na joto hilo hutoka kama mionzi ya infraredi. Twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Gawanya 2,898 kwa halijoto ya vumbi katika kelvini. Jibu ni urefu wa wimbi, kwa mikromita, ambako vumbi hung'aa zaidi. La kelvini 100 ni karibu mikromita 29. La kelvini 20 ni karibu 145.

Hatua ya 2: Tafuta picha. Mvuke wa maji hewani humeza sehemu kubwa ya mionzi hii, kwa hiyo tegemea darubini za angani: Spitzer, Herschel na James Webb. Data zao ni bure.

Hatua ya 3: Ondoa kila kisicho vumbi la mlipuko. Msiiharakishe hatua hii, ndiyo inayoharibu hesabu za wengi. Anza na mionzi ya sinkrotroni, ambayo hutoka kwa elektroni zinazokwenda mbio ndani ya usumaku: ipime kwenye redio, kadiria itakavyokuwa kwenye infraredi, kisha uitoe. Fuata na mwanga wa gesi, mfano oksijeni kwenye mikromita 25.9. Mwisho, wingu lililo njiani. Mwaka 2003 Cassiopeia A, mabaki ya supanova, ilidaiwa kuwa na vumbi lenye uzito wa Jua mara kadhaa; mwaka uliofuata wengine wakaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mng'ao ule ingeweza kutoka kwenye wingu lililo mbele yake.

Hatua ya 4: Linganisha mng'ao uliobaki na ule ambao vumbi la halijoto mbili, la vuguvugu na la baridi, lingetoa; uzito unaolingana nao ndio jibu lako. Taja aina ya chembe uliyochukulia, silikati (madini ya mawe) au kaboni, maana uzito hubadilika nayo.

Swali: Mkuu, kwa nini Spitzer ilikuwa ikipata vumbi kidogo tu kwenye supanova?
Jibu: Iliona zaidi la vuguvugu. Kwenye SN 1987A, supanova iliyoonekana mwaka 1987, Herschel ilikuta vumbi la kelvini 20 hivi, takriban nusu ya uzito wa Jua; matokeo yalitoka 2011. Baadaye ALMA, darubini ya redio kule Chile, ikathibitisha kuwa liko katikati kabisa, kwenye mabaki ya nyota yenyewe.

Swali: Litabaki lote?
Jibu: Hapana. Wimbi la mshtuko linalorudi ndani huzila chembe. Ndogo huisha kwanza, kubwa zina nafasi nzuri zaidi ya kupona.